UPEPO HAUSUBIRI NGUZO

TUNAAMBIWA kazi imekwisha. Kufikia mwaka 2025 serikali ilikuwa ikitamba kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Hotuba zimesomwa, tepe zimekatwa, ngoma zimechezwa. Mlalahoi wa Magomeni anayesikiliza habari hizo kijiweni anajiuliza swali moja tu: kama umeme umefika kijijini kwetu, mbona mama bado anatuma ujumbe wa kuomba hela ya tochi na ya kuchajisha simu?

Jibu ni jepesi, ila wakubwa hawapendi kulitamka. Umeme umefika kijijini, haujafika kwa mama. Kwa hesabu ya ofisini, kijiji kimepata umeme pale nguzo zinapofika kwenye shule, zahanati, mashine ya kusaga na nyumba zilizobahatika kuwa barabarani. Lakini kijiji cha Tanzania si mtaa wa Magomeni Mapipa ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Kijiji kina vitongoji, na kitongoji kimoja kinaweza kuwa ng'ambo ya mto, nyuma ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Vitongoji vya Bara vinazidi 64,000. Takwimu za serikali yenyewe za mwaka 2024 zilionyesha kwamba karibu nusu tu ndivyo vilivyokuwa na umeme. Na hata ndani ya hiyo nusu, si kila nyumba inayowaka taa.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Tukisema hivyo tutakuwa waongo kama wale tunaowasema. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007. Imesimamisha nguzo ambazo baba zetu hawakuziota. Ada ya kuunganishiwa kijijini iliteremshwa mpaka shilingi 27,000. Pale Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Ni kazi kubwa.

Lakini megawati hazitembei kwa miguu. Bwawa likifurika hadi juu, kama waya umekomea kwenye ofisi ya kata, bibi wa kitongoji cha mwisho atalala gizani. Na zile shilingi 27,000 ni za mtu ambaye nguzo iko jirani naye. Kwa mwenye nguzo kilomita nne kutoka mlangoni, bei hiyo ni hadithi tu.

Wiki hii, basi, tunauliza jambo ambalo halimo kwenye hotuba. Huyu anayengoja nguzo afanye nini wakati anangoja? Akae na kibatari mpaka siku ya siku? Au kuna kitu juu ya paa lake, kinachopita bure usiku na mchana, ambacho hakuna aliyemfundisha kukikamata?

KWA NINI WAKO MKIANI

Kitongoji cha mwisho hakikusahauliwa kwa bahati mbaya. Kuna hesabu. Nyumba zake zimetawanyika, na kila moja itatumia umeme kidogo: taa tatu, redio, simu mbili. Kupeleka nguzo, waya na transfoma huko kunagharimu fedha nyingi, na uniti zitakazouzwa hazitarudisha gharama hiyo mapema. Hivyo, shirika lolote la umeme duniani, likiachiwa lijipangie lenyewe, litamweka mtu huyo mkiani.

Hesabu hiyo tunaielewa. Tusichokielewa ni kwa nini mkia wote unaambiwa dawa ni moja tu, nguzo, nayo iko njiani. Nchi hii imeambiwa mambo mengi yako njiani. Miaka ya 1990 ukame ulipokausha mabwawa tukaambiwa dawa ni mkataba wa IPTL. Mkataba ukasainiwa mwaka 1995, mitambo ya Tegeta ikaja kuwasha mwaka 2002 baada ya mabishano ya miaka, na mwaka 2014 Bunge zima likatikiswa na kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Ukame wa mwaka 2006 ukatuletea Richmond, na Februari 2008 Richmond ikamng'oa Waziri Mkuu, Edward Lowassa, aliyejiuzulu pamoja na mawaziri wawili.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Fedha na akili za wakubwa huenda kwenye umeme wa mikataba mikubwa, kwani huko ndiko kwenye semina, safari na ulaji. Pangaboi la mzee wa Makambako, lililofungwa na fundi wa jirani, halina asilimia kumi ya mtu. Ndiyo maana hakuna kigogo anayelitolea hotuba.

UPEPO TUNAOUJUA NA TUSIOUJUA

Waswahili hatuwezi kufundishwa kwamba upepo ni mali. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Babu zetu walijua mwezi wa kupandisha tanga na mwezi wa kungoja, yale maleleji ambapo pepo zinabadilishana zamu na bahari inatulia kama maji ya mtungi. Elimu ile ilikuwa ya kupima: upepo gani, kutoka wapi, mwezi gani, na una nguvu kiasi gani.

Mtambo wa upepo wa nyumbani unadai elimu hiyo hiyo. Wenyewe si uchawi. Panga mbili au tatu zinazungushwa na upepo, zinazungusha sumaku mbele ya waya wa shaba uliosukwa, umeme unatoka, unashuka kwa waya hadi kwenye betri. Nyuma kuna mkia wa kuugeuza mtambo uelekee upepo unakotoka. Chini kuna kontrola ya kuzuia betri isijae kupita kiasi. Umeshajua mtambo mzima.

Kinachowatapeli watu ni hesabu ya upepo. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Chukua mtambo ambao duara la panga zake lina upana wa mita 2, na fundi wake ni wa kawaida, ananasa robo ya nguvu ya upepo unaopita. Kwenye upepo wa mita 3 kwa sekunde, unaochezesha majani tu, utapata wati kama 13. Kwenye mita 5, upepo wa kunyoosha bendera ndogo, wati kama 60. Kwenye mita 8, wati kama 240. Mtambo ni ule ule, betri ni ile ile. Tofauti ni mahali uliposimama. Na asikudanganye mtu kwamba ana mtambo unaonasa upepo wote: kwa sheria ya fizikia hakuna pangaboi linaloweza kuvuka asilimia 59.

Sasa angalia mahitaji ya nyumba ya mlalahoi. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa tano, redio ya mchana kutwa, simu mbili, na televisheni ndogo kwa ajili ya taarifa ya habari na mpira. Ukijumlisha utapata wati-saa kama 200 kwa siku. Mtambo wetu wa mita 2, ukipata upepo wa mita 5 kwa saa kumi tu kati ya ishirini na nne, unaingiza wati-saa 600. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukiitumia nusu tu ili usiiue mapema, una akiba ya usiku mitatu isiyo na upepo. Kwa hiyo nyumba ya kijijini haihitaji Rufiji. Inahitaji kitu kinachoweza kutengenezwa na mtu anayejua kusuka mota.

Lakini, na hapa tunasema kwa sauti kubwa, si kila mahali. Ndugu yangu wa Magomeni, usithubutu kufunga pangaboi juu ya bati lako katikati ya minazi na maghorofa ukidhani utaagana na LUKU. Upepo uliokwishagongana na nyumba unazunguka-zunguka ovyo, hauna kazi ila kuvunja vyuma. Kanuni ya mafundi ni kwamba panga zisimame juu, kama mita 10 kuzidi mti au nyumba yoyote iliyo ndani ya mita 100. Bonde lenye msitu halifai. Mgongo wa kilima unafaa.

Na nchi yetu ina mahali panapofaa kweli kweli. Vipimo vilivyotangazwa na taasisi za serikali vilitoa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo, Singida, na mita 8.9 Makambako, kwenye urefu wa mita 30. Kwenye mnara mfupi wa nyumbani utapata pungufu, lakini hata ukipunguza nusu bado una kitu mkononi. Singida wanaujua upepo huo kwa macho yao, maana unawatia vumbi. Miradi mikubwa ya upepo imezungumziwa pale tangu miaka ya 2000, mikutano kwa mikutano. Mradi wa kwanza wa upepo wa kuuza umeme nchini haukusimama Singida, ulisimama Mufindi: mitambo mitatu ya Mwenga, megawati 2.4, iliyokamilika mwaka 2020 kuongeza nguvu kwenye umeme wa maji unaouzwa vijijini. Mitambo mitatu tu, kwa nchi ambayo imejua kipimo cha upepo wake miaka yote hiyo.

UKUBWA PEKE YAKE HAUTOSHI

Atatokea mtaalamu aseme: acheni mambo madogo, jengeni kama Kenya. Sawa, twende Kenya. Karibu na Ziwa Turkana, Wakenya wamesimamisha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ni fahari ya Afrika. Lakini mitambo ilikamilika mwaka 2017, na waya wa kusafirisha umeme wake, zaidi ya kilomita 400, ukakamilika Septemba 2018. Mwaka mzima panga zimesimama na serikali inadaiwa fidia. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Na umeme ulipoanza kutembea, ulipita juu ya vichwa vya wafugaji kwenda kwenye gridi ya taifa. Wenye upepo wao wakabaki wanautazama.

Hatusemi Kenya walikosea kujenga. Viwanda vinataka megawati. Tunasema shamba kubwa la upepo ni jibu la swali la gridi, na swali la mama wa kitongojini ni jingine. Wakenya hao hao wana jibu la pili, ambalo halipigiwi picha sana: kule Thika, tangu miaka ya 1980, karakana moja imekuwa ikitengeneza mitambo ya upepo ya kuvuta maji, inayoitwa Kijito. Chuma chao, mafundi wao, visima vyao. Mtambo ukiharibika, aliyeutengeneza yuko ndani ya nchi.

WALIOPITA NJIA HII

Kabla mtu hajasema haya ni mambo ya maskini, tumkumbushe Marekani. Miaka ya 1920 na 1930 mkulima wa Marekani alikuwa gizani kama mkulima wa Iramba leo, na kwa sababu ile ile: kampuni za umeme hazikuona faida ya kumfuata shambani. Akajitegemea. Ndugu wawili wa ukoo wa Jacobs, huko Montana, walianza kutengeneza mitambo ya upepo ya nyumbani iliyosifika kwa kudumu miaka mingi. Mingine midogo, kama Wincharger ya Iowa, iliuzwa pamoja na redio za Zenith, ili mkulima asikie bei ya ngano na muziki wa Jumamosi bila kubeba betri kwenda kuchajisha mjini. Hizo ndizo zilikuwa shida zao: redio na taa.

Mwaka 1935 Rais Roosevelt akaunda wakala wa umeme vijijini, nao kwa kifupi waliuita REA, kama wetu. Waya ukaenea, bei ikashuka, na kufikia miaka ya 1950 vingi vya viwanda vile vya mitambo midogo vikafa. Hatufichi jambo hilo, kwa sababu ndilo fundisho lenyewe. Nguzo ikifika, nguzo inashinda. Lakini mkulima yule hakungoja nguzo gizani. Watoto wake walisoma kwa taa miaka kumi, wengine ishirini, kabla mtu wa serikali hajafika na waya. Mtoto wa darasa la nne hawezi kuambiwa asubiri miaka kumi, kwa sababu baada ya miaka kumi hatakuwa tena darasa la nne.

Wachina nao. Katika Mongolia ya Ndani, wafugaji wanaohama na mifugo yao hawawezi kufuatwa na nguzo. Tangu miaka ya 1980 walipewa msaada wa kununua mitambo midogo ya wati mia hivi, iliyotengenezwa na viwanda vya kwao, na idadi yake ikapita laki moja. Mfugaji akihama, anaufungua mtambo na kuupakia na hema. Pale serikali haikukabidhi zawadi na kuondoka. Iliweka kiwanda, iliweka vipuri, iliweka fundi.

KIJANA ALIYEKUJA ARUSHA

Na kama Marekani na China ni mbali, njooni Malawi. Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, kijana wa miaka 14, William Kamkwamba, wa kijiji kilichoko wilaya ya Kasungu, aliacha sekondari kwa kukosa ada. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi na kusoma vitabu vya sayansi kwa kuangalia michoro, kwa kuwa Kiingereza kilimpiga chenga. Kwenye kitabu kimoja akaona picha ya mitambo ya upepo. Akaokota feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo ya baiskeli, mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto ili ayafanye panga. Watu wakasema amerukwa na akili. Taa ikawaka.

Juni 2007 kijana huyo alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa na kueleza kazi yake kwa Kiingereza cha kubahatisha. Wakubwa wa dunia wakamshangilia kwa kusimama. Kitabu kikaandikwa mwaka 2009, sinema ikatoka 2019. Na mkutano ule haukufanyika London wala New York. Ulifanyika Arusha, hapa hapa kwetu.

Tunauliza: Tanzania ilibaki na nini baada ya makofi yale? Ni chuo gani cha ufundi kilichosema mwaka uliofuata kwamba tutafundisha vijana ishirini kutengeneza kitu kile, tena bora zaidi? Mgeni alikuja kwenye ua wetu, akatuonyesha, tukampigia makofi, tukamsindikiza uwanja wa ndege.

MAFUNDI TUNAO

Nenda Gerezani asubuhi usikilize nyundo. Nenda Kariakoo kwenye vibanda vya kusuka upya mota za feni na pampu. Kijana aliyekomea kidato cha nne, ambaye hakuna ofisi inayomtaka, anakaa na koili iliyoungua, anahesabu mizunguko, anasuka waya mpya, mota inanguruma. Kazi ya kusuka koili za mtambo wa upepo ni kazi hiyo hiyo. Habu ya gurudumu la gari kuukuu ndiyo ekseli ya mtambo. Vyuma vya kuchomelea vipo. Mbao nyepesi za paini za kuchonga panga zinatoka Sao Hill, Mufindi, ambako kutoka hapo hadi kwenye upepo wa Makambako si safari ya kukodi ndege.

Michoro nayo ipo. Fundi mmoja wa Scotland, Hugh Piggott, ambaye kijiji chake nacho hakikuwa na waya wa umeme, ametumia miaka mingi kubuni mtambo unaoweza kutengenezwa kwenye karakana ya kawaida: panga za mbao, sumaku, koili zilizomiminiwa gundi ngumu. Michoro yake imefuatwa na mafundi wa mabara mengi. Kinachokosekana hapa kwetu si akili. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: kijana, kazi hii inatambuliwa, hili hapa soko lako.

Tusidanganyane pia kwamba ni lelemama. Mtambo wa upepo una vitu vinavyozunguka, na kinachozunguka huchakaa. Beringi hulia, panga hupasuka, sumaku hushika kutu karibu na bahari. Mtambo usiachwe ukizunguka bila mzigo, betri ikiwa imefunguliwa, maana upepo mkali utaukimbiza mpaka ujivunje. Mnara usiofungwa waya za kuushikilia utaangukia nyumba ya watu. Radi nayo hupenda chuma kirefu. Kwa hiyo mtambo bila fundi wa karibu ni chuma chakavu kinachongoja siku yake. Wafadhili wengi wamekuja Afrika na mitambo mizuri, wakapiga picha na kuondoka, na baada ya misimu miwili ya mvua kilichobaki ni nguzo ya kuanikia nguo.

NA JUA JE?

Msomaji makini ameshauliza: paneli za jua zimejaa Kariakoo, bei imeshuka, hazina beringi. Upepo wa nini tena?

Swali zuri. Kwa nyumba nyingi za Tanzania jua ndilo la kuanzia, na atakayekushauri vinginevyo ana mzigo wa kuuza. Lakini angalia Njombe na Mufindi miezi ya Juni na Julai. Ukungu umefunika kutwa, paneli inakodoa macho tu, huku kusi ikipita juu ya vilima. Au Singida usiku, jua limekwishalala na upepo bado uko kazini. Penye upepo, mtambo mdogo na paneli moja vinalindana: kimoja kikilegea kingine kinashika. Betri haishuki hadi chini kila usiku, kwa hiyo inaishi zaidi. Na betri ndicho kitu kinachomfilisi mwenye umeme wa nyumbani.

Kuna jingine. Paneli nyingi zinazouzwa kwa mkopo wa simu zimefungwa kama sanduku. Usipolipa, kampuni inazima kwa mbali. Ikiharibika, hurekebishi, unapeleka kwao. Nuru ipo lakini ufunguo uko kwa mwingine. Mtambo uliochongwa na fundi wa kata unaufungua kwa spana. Fedha uliyotoa imebaki kwa kijana wa Kitanzania, na kesho ukipasuka panga unajua nyumba yake iko wapi.

TUNAYOYATAKA

Sisi hatuombi msaada wa mitambo kutoka ng'ambo. Tunataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkataba wa siri.

Kwanza, serikali iache kuhesabu vijiji, ihesabu nyumba. Kila mwaka REA itangaze kwa kila wilaya: nyumba ngapi zina umeme, ngapi hazina, na kitongoji kipi kitafikiwa lini. Mtu akiambiwa ukweli kwamba nguzo itamfikia baada ya miaka minane, atajipanga. Danadana ya "mwakani, mwakani" ndiyo inayomzuia kutumia hela yake kwa jambo la maana.

Pili, vipimo vya upepo vitoke kabatini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kumbukumbu, Wizara ya Nishati ina vipimo, wawekezaji wamepima. Visambazwe kata kwa kata, kwa Kiswahili, vibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji: upepo wa hapa ni mita ngapi, miezi gani una nguvu, miezi gani umelala. Kodi ya mwananchi ilipolipia kipimo, kipimo ni cha mwananchi.

Tatu, VETA na SIDO wafungue mlango. Kozi ya miezi michache ya kutengeneza na kutunza mitambo midogo ya upepo na jua, yenye cheti kinachotambuliwa, ianzie Singida, Iringa na Njombe ambako upepo upo, na ipokee kijana wa Gerezani mwenye mkono mzuri hata kama cheti chake cha kidato cha nne kina divisheni sifuri. Nyundo haiulizi divisheni.

Nne, matapeli wabanwe. Kila mtambo unaouzwa Kariakoo uandikwe unatoa wati ngapi kwenye upepo wa mita 5, si kwenye kimbunga. Yule anayeandika "wati 1,000" kwa herufi kubwa bila kusema ni kwa upepo gani, anamuuzia mlalahoi upepo mtupu. Shirika la Viwango lipo. Lifanye kazi yake.

KWAKO KIJANA

Mwisho tunageukia kijiwe. Wewe unayesoma hapa Magomeni, huenda kwenu ni Manyoni, Wanging'ombe au Kilwa. Kila mwezi unatuma hela nyumbani, na sehemu ya hela hiyo inaishia kwenye betri kavu, mafuta ya taa na ada ya kuchajisha simu dukani. Jumlisha ya mwaka mmoja uone. Kisha mwulize baba maswali matatu. Kutoka nyumbani hadi nguzo ya mwisho ni mwendo gani? Vumbi huwa linakimbia uani miezi gani? Miti ya karibu ina urefu gani? Kwa majibu hayo utaanza kujua kama kwenu ni pa kungoja nguzo, pa kununua paneli, au pa kusimamisha mnara. Tena usinunue kitu kabla ya kupima: kifaa kidogo cha kupimia upepo, kikikaa juu ya mti mrefu kwa mwaka, kitakuokoa na hasara kubwa.

Na kama wewe ni fundi, anza kuulizia michoro. Vijana wawili wenye mashine ya kuchomelea, wakishirikiana na mchonga mbao mmoja na msuka mota mmoja, wana karakana tayari.

Kwa wakubwa tuna swali moja tu, nalo si la fumbo. Takwimu zenu zinasema vijiji vyote vina umeme. Je, mko tayari kutangaza idadi ya nyumba ambazo bado ziko gizani, na kuwaambia wenye nyumba hizo watafikiwa mwaka gani? Kurasa za gazeti hili ziko wazi. Tunangoja majibu.